Jinsi hadithi zangu za mwaloni zilivyopata mchapishaji

Nilikuwa na mswada wa hadithi fupi kuhusu wanawake wa mwalo wa Kirumba, Mwanza, pale ufukoni samaki wanaposhushwa na kuuzwa, wale wanaofika gizani kununua dagaa. Wachapishaji wakubwa niliowapelekea walinijibu kwa adabu: si kitabu cha kiada, hakimo kwenye vitabu teule, nani atakinunua? Hoja yao naielewa. Kwetu soko kubwa la vitabu ni shule, na kampuni yenye mishahara ya kulipa hulifuata soko hilo. Lakini tukibaki na vitabu vya mtihani tu, mwalo wa Kirumba utaandikwa na nani?

Nikakumbuka habari za Walter Bgoya. Baada ya kuiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, na nyumba hiyo imekuwa ikitoa fasihi ya Kiswahili isiyosubiri ruhusa ya mtaala. Nikaamua kutafuta mchapishaji wa aina hiyo, hata awe mdogo kiasi gani. Nikampata Dar es Salaam: ofisi ya vyumba viwili, mama mmoja mhariri, kijana mmoja wa kompyuta.

Yule mama alinisoma kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisoma. Kwenye hadithi ya kwanza aliweka alama ya kalamu nyekundu, akaniuliza, "Mwanangu, dagaa hawa wameanikwa mchangani au kwenye chanja?" Nikamwambia mchangani. "Basi mteja lazima alalamikie mchanga, na bei ishuke. Hapa umewauza kwa bei ya chanja." Niliandika upya ukurasa mzima, na ugomvi wa bei ndio ukawa moyo wa hadithi. Lugha ya wahusika hakuigusa. Walizungumza Kiswahili cha Mwanza, wakaachwa wazungumze.

Mengine yalikwenda haraka. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, ilitoka Maktaba ya Taifa. Mtambo wa ofseti unataka pleti, yale mabamba yenye sura ya kurasa, na gharama ya pleti haipungui hata ukichapa nakala chache, kwa hiyo tulianza na nakala 300 za dijitali, zisizohitaji pleti. Kurasa tulizipanga zifike 96, maana mchapaji wetu hukunja karatasi kwa mafungu ya kurasa 16. Mkataba ulinipa mrabaha, yaani mgawo wa mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10, na haki za tafsiri zikabaki kwangu. Hilo la tafsiri nililishikilia kwa nguvu, na ningemsihi kila mwandishi alishikilie.

Kuuza ndiko kulikonitoa jasho. Maduka yalitaka theluthi ya bei, tena kwa mali kauli, yaani tulipwe vitabu vikishauzwa. Tukatuma vifurushi kwa basi hadi Mwanza, nikasoma hadithi palepale sokoni, na wafanyabiashara wa dagaa wakanunua kuliko walimu. Toleo la kwanza lilipokwisha, mchapishaji alilipia la pili kutokana na mauzo. Kilichobaki, kwa ridhaa yangu, kikaanzia diwani ya binti mmoja wa Tabora ambaye naye alikuwa ameambiwa mashairi hayauziki.