Tuta la reli ya Solai lisimegwe

Magoti ya mama hayaiwezi tena barabara ya lami hapa Kampi ya Moto, karibu na Nakuru, Kenya. Malori yanapita kwa kasi, bodaboda wanapanda hadi ukingoni, na mwenye miguu anabaki kuruka mtaro. Kwa hiyo tukienda kwa dada yake tunafuata tuta la reli ya zamani, ile iliyotoka Rongai ikapita nyuma ya mlima Menengai hadi Solai. Pale mama hutembea bila kuomba mkono wangu. Ndiyo maana naomba tuta hilo litunzwe zima, liwe njia ya miguu.

Treni ndiyo iliyompa wepesi huo. Mabehewa yaliyojaa mazao hayapandi kilima kikali. Hata mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100 huichosha injini. Ndiyo maana waliojenga njia hii miaka ya 1920, ili walowezi wasafirishe mazao yao, walikata vilima, wakajaza mabonde, wakazunguka palipowashinda. Kazi ngumu ilikwisha kufanyika. Mzee na mwenye kiti cha magurudumu wangejengewa lini njia ya namna hiyo upya?

Kwingine wameliona hilo. Chicago walifungua Bloomingdale Trail mwaka 2015 juu ya reli ya mizigo iliyoachwa, kilomita 4.3 za kutembea huku magari yakipita chini yako. Lakini kodi za nyumba za jirani zilipanda, na familia za kipato kidogo zilizoishi pale miaka mingi zikalalamika kwamba zinasukumwa nje. Hilo linanihangaisha sana. Kando ya tuta letu kuna akina mama wenye vibanda na matuta ya sukuma wiki, na mipango ikianza wao ndio wa kwanza kuulizwa.

Kinachoninyima usingizi ni mtu kulikatiza tuta kwa ua wa mabati. Shamba likimegwa pembeni, linapungua tu. Reli ikizibwa mahali pamoja katikati, kilomita zote zinageuka vipande visivyofika popote. Nakuru ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2021, na nyumba zinazidi kusogea huku.

Anayetamani treni irudi naye asituogope. Tangu 1983 sheria ya Marekani inaruhusu reli iliyoachwa iwe njia ya miguu huku ardhi yake ikitunzwa nzima, ili treni ikihitajika tena ipate pa kupita. Nasi tuliona treni ya abiria ya Kisumu ikirejea Desemba 2021 baada ya miaka ya ukimya.

Tuanze na kidogo: mipaka ipimwe na kuwekewa mawe yanayoonekana, vigingi vizuie pikipiki, na ipandwe miti ya kivuli. Halafu viti vya kupumzikia, tena vya karibukaribu, kwa sababu kwa dada yake ni mbali na mama hakubali kubebwa.