Nilivyomrudisha baba kutembea bila kutoka uani

Baba alipotoka hospitali baada ya mshituko wa moyo, daktari alisema atembee kila siku, aongeze kidogo kidogo. Rahisi kusema. Kwetu Wete ni vilima. Ukitoka mlangoni unapanda au unashuka, na hofu ilimjaa. Akawa hanyanyuki mkekani.

Kwanza nilimhesabia mapigo ya moyo. Hayakupanda, nikadhani anazembea, nikamhimiza. Kosa! Dawa anazotumia huzuia mapigo yasipande. Nikaacha saa, nikashika mazungumzo: akitembea huku anapiga soga, sawa, maneno yakikatika, tunapunguza mwendo. Akiweza kuimba kasida nzima, hapo ndipo anazembea (na baba kwa kasida humuwezi).

Njia ikawa uani, kuuzunguka mnazi, baada ya sala ya alfajiri, jua halijachoma. Mizunguko anaihesabu kwa tasbihi. Dakika 5 za mwanzo na 5 za mwisho ni mwendo wa kobe. Za katikati zilianza 5, wiki ya 8 zikafika 20. Kifua kikibana au akiona kizunguzungu, anakaa palepale, tunamtafuta daktari.

Juzi kanambia nisimfuate, anakwenda sokoni mwenyewe kununua muhogo.