Daftari la mapokezi

Mwaka 2017, miezi minane baada ya kumaliza chuo, niliitwa kwenye intavyuu ya uhasibu katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, hapa Dar es Salaam. Niliambiwa saa nne asubuhi. Kwa kuhofia foleni nikawahi mwendokasi ya Kimara, na saa tatu kasoro nilikuwa nimeshashuka Kivukoni. Ndiyo maana nikakaa pale mapokezi zaidi ya saa nzima, na mpaka leo naishukuru saa ile.

Mbele ya dada wa mapokezi palikuwa na daftari la mahudhurio, lile kubwa la jalada gumu, limeachwa wazi upande wangu. Nilipoona safu za tarakimu macho yakaenda yenyewe. Kuingia: saa 1:30, 1:25, 1:30. Kutoka: saa 2:30 usiku, 2:30, 2:45. Ukurasa mzima hivyo hivyo, Jumamosi nayo imo. Jina moja lilizungushiwa wino mwekundu kwa kufika saa 1:40, na pembeni pameandikwa "akatwe".

Nikajumlisha kichwani. Saa 13 kwa siku, toa moja ya chakula, zinabaki 12. Mara siku 6 ni saa 72 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa 45 za kawaida kwa wiki, na ovataimu isizidi saa 50 katika wiki nne. Hawa katika wiki nne walikuwa wanazidisha 108.

Nikiwa kwenye hesabu hiyo akapita mzee mmoja, mesenja, kabeba birika la chai na vikombe. Kijana mwenye tai akachungulia mlangoni: "Wewe! Si nilisema ya maziwa?" Mzee akasema, "Samahani, bosi," akageuka na birika lake. Vikombe vilikuwa vinagongana kwenye sinia. Katika chumba kile kulikuwa na watu kama kumi na hakuna aliyeinua uso.

Hilo liliniuma kuliko zile saa. Meli zikijaa bandarini, mtu anaweza kukesha na wenzake kwa moyo mweupe. Lakini watu kumi kutoinua uso, maana yake hilo si la leo.

Kwenye intavyuu kijana yule yule alikuwa mmoja wa watatu waliokaa mezani. Maswali ya kodi niliyajibu vizuri. Wakaniuliza kama nina swali, nami nikauliza ovataimu inalipwaje.

"Dada, hapa sisi ni familia," akasema. "Familia haihesabiani saa."

Mama aliyekaa kando yake akainamia karatasi zake.

Nikitoka nilimwamkia mlinzi getini, nikamuuliza mhasibu aliyekuwepo kahamia wapi.

"Yupi, mwanangu? Mimi nina mwaka na nusu hapa, na wameshaondoka watatu."

Baada ya siku nne wakanipigia: nimepata, mshahara laki sita. Nikaomba wanipe mpaka kesho yake. Chumba changu kilikuwa kimebakiza wiki mbili kodi iishe, na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Jioni nikaenda kwa mama.

"Unaikataa kazi na huna nyingine?" akaniuliza, mkono umesimama juu ya ungo wa mchele.

Nikamweleza habari ya daftari. Akasema kila kazi ina shida zake. Nikamweleza habari ya mzee na birika, na neno alilojibu.

Mama hakusema kitu kwa muda. Marehemu baba alikuwa mesenja kwa miaka 27.

"Wapigie kesho asubuhi," akasema, akarudia kuchambua mchele. "Uwaambie kwa adabu."