Siku moja maishani mwangu: gereji ya Al Quoz, Subaru na mita 18 za kwanza

Saa 11 alfajiri. Siku za kwenda dragi, zile mbio fupi za mstari mnyoofu, huwa naamka kabla alamu haijalia. Chumba chetu hapa Al Quoz, Dubai, tunalala sita, kwahiyo naswali nje kwenye korido, narudi naweka sufuria ya chai taratibu nisiwaamshe wenzangu. Kwenye simu kuna voisi ya mdogo wangu wa Nairobi, ana Forester ya turbo, anauliza kaka mbona nyie huko gari zinachomoka hivyo na injini ni hizi hizi zetu. Nikamjibu kwa kirefu maana hili swali naulizwa kila wiki. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, hewa ya kule imepungua karibu moja ya tano, kwahiyo turbo lazima izunguke kwa nguvu zaidi ndo ipate presha ile ile, na ikizunguka sana hewa inayotoka inakuwa ya moto, na hewa ya moto ndo adui wa injini. Sisi tuko chini kabisa usawa wa bahari, hewa tunayo tele, shida yetu ni joto. Ndo maana hizi kazi tunazifanya msimu wa baridi. Leo ni Ijumaa ya Januari, usiku itashuka mpaka nyuzi 18 hivi. Hali safi kabisa.

Saa 1 asubuhi. Nafungua gereji na kijana wetu wa Tanga, ana mwaka mmoja tu hapa ila mkono wake mwepesi. Gari ya leo ni Subaru WRX STI ya 2011, ile injini ya lita 2.5, EJ257. Mwenyewe ni kijana Mwomani wa Maskati, bibi yake kazaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha mjini Unguja kabisa, siku ya kwanza nilishtuka aliponiambia "fundi, hujambo? Nimekuletea mgonjwa".

Alikuja mwezi wa kumi na karatasi ndefu ya vitu anavyotaka, na juu kabisa kaandika turbo kubwa. Nikamwambia sheikh, hebu nipe kwanza zile karatasi za muda ulizopewa kwenye dragi. Akanipa. Mita 402, ndo urefu wa mbio yenyewe, kwa sekunde 12.9, spidi ya mwisho kilomita 174 kwa saa, na mita 18 za kwanza sekunde 1.98. Sasa hapo ukijua kusoma gari imeshakwambia kila kitu. Spidi ya mwisho inakwambia nguvu ya injini, na mita 18 za kwanza zinakwambia hiyo nguvu inafika kwenye lami ama inapotea. Gari ya tairi nne zote kuvuta, yenye nguvu ya kufika 174, haifai kutumia sekunde 1.98 pale mwanzo. Ukipunguza sehemu moja ya kumi ya sekunde pale mwanzo, kule mwisho unapata karibu mara moja na nusu yake, au zaidi kidogo. Yaani hakuna turbo inayokupa hivyo kwa bei ya seti moja ya tairi.

Halafu nikatoa plagi. Ya silinda namba 4, ile inayojulikana kwa kupata joto kwenye hizi injini, nikaiweka chini ya taa na lenzi. Kwenye ule udongo mweupe (kauri) wa plagi kulikuwa na vidoti vidogo vidogo, vingine vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na viwili vitatu vinang'aa. Vile vinavyong'aa ni aluminiamu. Ni pistoni yako hiyo inamegeka kidogo kidogo. Kuna gereji walimwongezea busti, yaani presha ya turbo, kwenye kompyuta ya injini bila kugusa pampu ya mafuta wala nozeli za kunyunyiza mafuta, injini ikawa inapata hewa nyingi mafuta machache, inagonga ndani kwa ndani, yaani mafuta yanalipuka vibaya, na yeye haisikii kwa sababu ya mlio wa eksozi. Pistoni za kiwanda za EJ257 ni za kumimina, na ule ukuta mwembamba wa kati ya ringi na ringi ukigongwa mara kadhaa unakatika. Nilikasirika kwa kweli. Bado miezi michache ingekufa mikononi mwake.

Kwahiyo mpango tukaupanga upya. Kwanza pampu ya mafuta na nozeli kubwa, halafu intakula (kifaa cha kupoza hewa ya turbo) ya mbele badala ya ile ya kiwanda inayokaa juu ya injini na kunyonya joto lake lote, klachi ya disiki mbili, tairi laini za dragi zote nne, ndo mwisho turbo, tena ya saizi ya kati. Na mafuta ya E85, yale ya ethanoli nyingi iliyochanganywa na petroli.

Saa 2. Nafanya kipimo cha moshi, kutafuta panapovuja hewa. Unaziba mdomo wa turbo, unasukuma moshi ndani kwa presha ndogo, unazima taa za gereji unatembea na tochi. Kijana wa Tanga ndo aliona, "kaka njoo uone huku", uzi mwembamba wa moshi unapanda taratibu chini ya mpira unaoingia kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Klipu ilikuwa imekaa upande, nusu milimita tu. Tukafungua, tukapangusa oili kwenye mdomo kwa sababu mpira ukiwa na oili unateleza ukipata presha, tukafunga. Ile ingefunguka usiku katikati ya mbio.

Saa 3. Mafuta. E85 huku hupati sheli, pale kuna 91, 95 na 98 basi. Mteja ananunua ndoo kwa watu wa mafuta ya mashindano, na mimi ndoo siiamini mpaka niipime. Nina kichupa kirefu cha kioo chenye mistari. Maji mpaka mstari wa chini, mafuta mpaka wa juu, unaziba na kidole gumba, unatikisa, unaweka mezani unangoja. Ethanoli inaungana na maji inashuka, petroli inabaki juu, na katikati panatokea mstari mkali kama umechorwa na rula. Leo umesimama kwenye 80. Si mbaya, ila lazima jamaa anayetutunia kompyuta ya injini ajue, kwa sababu ethanoli inataka mafuta mengi kuliko petroli, kwa E85 kamili kama theluthi moja zaidi, na ndo maana pampu ya kiwanda haiwezi. Faida yake ni kwamba inapoza hewa inapoingia na haigongi kirahisi. Kwa joto la hapa mimi naiona ndo dawa.

Saa 4 mpaka saa 6 tuko kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari. Anayetuni ni Mfilipino, mtu mtulivu sana, anavaa hedifoni zilizounganishwa na maikrofoni kwenye bloku anasikiliza injini kama daktari. Alianza na busti ya chini, psi 14 (psi ni kipimo cha presha), akapanda mbili mbili mpaka 20, na nilimwomba busti isiingie mapema sana. Watu wengi wanapenda gari ikivuta ghafla kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, lakini huo msukumo wa chini ndo unaovunja pistoni na koni rodi, bora ije taratibu kisha ishike juu. Farasi 372 kwenye tairi. Angeweza kupata 400, alituambia mwenyewe, nikasema hapana, hizi ni pistoni za kiwanda, hapo ndo mwisho wetu. Kati ya kila jaribio tunaacha mafeni yapulize dakika kumi nzima. Hapo sina haraka hata mteja akisimama mlangoni.

Mchana, swala ya Ijumaa, halafu sahani moja ya biriani watu watatu. Nikampigia mama Mombasa, kaniuliza kama nimekula, nikamwambia nimekula.

Saa 9 na nusu alasiri. Gari tunaipandisha kwenye rikavari, lori la kubebea magari. Wengine wanaendesha wenyewe mpaka kiwanja cha mbio cha Yas na mimi siwapingi, ila hii ina tairi laini na ndani ina E85, kilomita karibu mia moja za barabara kuu ni kuimalizia tairi bure na kuichosha kabla ya kazi. Tena ukivunja kitu kule unarudi vipi. Nikahesabu vifaa: jeki, spana ya toki, geji ya upepo, plagi seti mbili, oili, kamba, klipu za akiba, tepu, barafu ndoo mbili.

Saa 12 jioni, Yas Marina, Abu Dhabi. Jua linazama, taa za njia zinawaka. Harufu ya pale siwezi kuieleza vizuri, mpira ulioungua na mafuta matamu na gundi waliyomwaga kwenye lami, ukitembea pale mwanzo viatu vinang'ang'ania. Foleni ina kila kitu, GT-R, Patrol za turbo, Mustang, pikipiki. Ukaguzi, helmeti, mikanda, betri imefungwa vizuri, tukapita.

Saa 1 na nusu usiku, mbio ya kwanza. Kijana mwenye gari kapita katikati ya maji, yale yanayomwagwa ili tairi zizungushwe zipate joto, kama alivyoona magari yanayovuta kwa tairi za nyuma yakifanya. Sikumlaumu, sikuwa nimemwambia. Gari ya tairi nne kuvuta inapita pembeni ya maji, maana tairi za mbele zikilowa zinabeba maji mpaka kwenye mstari. Akaondoka na mizunguko 4,000, akaachia klachi yote, injini ikashuka chini ya busti, ikakohoa, ndo ikavuta. Mita 18: 1.86. Jumla 12.38, spidi 183.

Tangu hapo hakuna aliyegusa boneti isipokuwa kuweka barafu juu ya manifoldi, bomba la kuingiza hewa kwenye injini. Nilikaa naye kwenye jeki nikamwambia sheikh, nguvu ipo, 183 inasema ipo, sasa kazi ni mguu wako wa kushoto. Panda mizunguko 5,500, klachi iache iteleze kidogo kama unaweka mtoto kitandani, usiibwage. Na taa za kuondokea usizikimbilie, saa ya muda haianzi taa ikiwa kijani, inaanza tairi lako linapoondoka kwenye mwale wa taa pale mstarini, kwahiyo ukichelewa nusu sekunde karatasi yako haijali, tunashindana na saa sisi. Ukifika kwenye mstari, taa ya pili ikiwaka tu simama papo hapo, usisogee hata kidole.

Ya pili, 1.76, jumla 12.21. Spidi ile ile 183. Kaja anakimbia na karatasi mkononi kama mtoto wa madrasa aliyehitimu. Nikapiga magoti nikashika tairi kwa kiganja, katikati lilikuwa la moto kuliko pembeni, maana yake upepo umezidi. Tukashusha toka psi 22 mpaka 19. Ya tatu 1.69, jumla 12.09. Tukashusha tena moja, 18, akafunga kabisa difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, ya nne 1.66 na 12.04, spidi 184.

Hebu angalia hizo namba vizuri. Toka ya kwanza mpaka ya nne spidi imeongezeka kilomita moja tu, injini haijaguswa, na tumeondoa theluthi ya sekunde nzima. Kwa upepo, mguu, na kutokanyaga maji.

Saa 4 na robo usiku. Hapa ndo palikuwa pagumu. Kijana kasimama na ile 12.04 anaitazama, anataka 11 ionekane kwenye karatasi, na mimi namwelewa moyoni kabisa, nimewahi kuwa na umri ule. Akasema, "Fundi wangu, tutie psi mbili tu, mbili tu, mara moja, khalas." Jamaa wa kompyuta akaniangalia. Nilikuwa nimeshaweka pua karibu na chini ya gari, klachi ilikuwa na harufu, si ya kuungua lakini imeanza. Oili ilikuwa ya moto. Nikamwambia sheikh, leo hapana. Ukitaka 11 nitakupa 11, tutatoa kiti cha nyuma na tairi la akiba na vyombo vyote tupunguze kama kilo 45, hiyo peke yake karibu sehemu moja ya kumi, na utafanya mazoezi ya klachi. Psi mbili kwenye pistoni zile sikupi. Akanyamaza kidogo akaangalia chini. Halafu akasema haya fundi, wewe ndo unajua, na akaenda kutuletea chai ya karak wote wanne.

Saa 7 usiku. Tumerudi Al Quoz, rikavari imeondoka, kijana wa Tanga analala kwenye kiti. Injini imepoa kiasi cha kushikika. Sikuweza kwenda kulala kabla ya kutoa plagi ya silinda namba 4, kwenye Subaru ni kazi ya kujikunja, mkono unapita pembeni ya chesisi na unageuza spana robo robo. Nikaitoa. Nikaipeleka chini ya taa, nikaweka lenzi. Udongo mweupe, na rangi ya kahawia kidogo kwenye ukingo. Hakuna pilipili, hakuna kinachong'aa. Nikamuamsha kijana nikamwambia njoo uone hii, akaiangalia muda mrefu, akanirudishia bila kusema kitu, nikaipiga picha nikamtumia mwenye gari, nikairudisha plagi mahali pake.