Mnyoo laini na gamba la chaza

Kwetu Njoro, makombe ya bahari huja kwa ajili ya kuku. Wifi yangu wa Kilifi hunitumia gunia kwa basi, nami huyaponda niwape kuku wa mayai wapate kalsiamu. Tulipokuwa tukiyaosha, binti yangu alishika gamba la chaza akaniuliza, "Mama, nani ametoboa hapa?" Vitundu vilikuwa viwili viwili karibu na ukingo, vimekaribiana kama matundu ya pua.

Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Konokono mla chaza huacha tundu moja la mviringo. Sifongo mtoboaji huacha vitundu vingi vilivyotapakaa. Viwili vinavyopakana ni kazi ya mnyoo wa jamii ya Polidora. Nililikata gamba kwa msumeno wa chuma likiwa limelowa, ili vumbi lisipae tukalivuta, kisha nikalisugua kwa msasa. Ndani palikuwa na mfereji uliopinda kama herufi U, umejaa tope kavu. Mnyoo akiwa hai hukaa humo na kuchomoza mikono miwili myembamba kunasa chakula majini.

"Lakini mnyoo ni laini, Mama! Ana meno?"

Hapo ndipo nilipohangaika. Mwishowe nikayeyusha mshumaa, nikapaka gamba jingine lote nta, nikakwangua sehemu ndogo kama punje ya mtama. Hapo tukadondoshea siki. Povu likatoka papo hapo, kwa maana gamba ni kalsiamu kaboneti, na asidi huiyeyusha. Tulibadilisha siki asubuhi na jioni kwa siku tatu. Tulipobandua nta, palikuwa na kishimo pale pale tulipokwangua, kwingine kuzima kabisa.

Nikamwambia mnyoo naye hutoa majimaji ya asidi mahali alipogusa, na katika pingili yake ya tano ana miiba migumu inayomsaidia kujishikiza anapochimba. Huanza akiwa kiluwiluwi mdogo sana anayeelea baharini, akatua juu ya gamba.

Binti akamhurumia chaza. Nikaligeuza lile gamba la kwanza, nikamwonyesha uvimbe kama lengelenge upande wa ndani: chaza alikuwa ameupaka mfereji ule tabaka jipya la gamba, akamfungia jirani yake nje ya nyama yake. Akalipapasa kwa kidole muda mrefu. Hilo hatukuliponda.