Kinyago cha Doctor Doom

Nachomelea mageti hapa Igogo, mwaka wa kumi na moja sasa. Mpwa wangu ndiye aliyeniletea vitabu vya katuni vya Marvel, na mtu aliyenikaa moyoni ni adui: Doctor Doom, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1962.

Jina lake Victor von Doom. Mama alikuwa mchawi, akafa mapema. Baba alikuwa tabibu. Akashindwa kumponya mke wa mtawala, ikabidi akimbie na mtoto milimani kwenye baridi kali. Alimfunika mwanawe kwa nguo zake, yeye akafa. Hapo nilikiweka kitabu chini kwanza.

Chuoni Marekani, Victor akaunda mashine ya kuzungumza na mama yake kuzimu. Mwenzake Reed Richards akamwambia hesabu zina kosa. Hakusikia. Mashine ikalipuka, ikamharibu uso, na mpaka leo lawama zote anamtupia Reed.

Halafu akatengenezewa kinyago cha chuma, akakivaa kabla hakijapoa.

Mimi chuma cha moto nakijua. Kikiacha wekundu kinakudanganya, kinaonekana kimelala kumbe bado kinaunguza. Kiganja changu cha kushoto kina alama ya bawaba ya geti. Na hicho ni kiganja tu. Yeye alikipeleka usoni kwa hiari, kwa sababu hakuweza kungoja.

"Mjomba, kwa hiyo unampenda?" mpwa wangu akaniuliza.

Namhurumia. Sana.