Nilivyopambana na joto la Dar mpaka chokleti zangu zikaanza kuuzika

Watu wanadhani shida ya kutengeneza chokleti ni kupata kokoa. Kokoa ipo bwana, Kyela imejaa, shemeji yangu alinitumia kilo kumi kwa basi, zimeshavundikwa siku sita na kuanikwa, ukifungua mfuko unapigwa na harufu ya siki. Nakaanga kwenye oveni nyuzi 130, maganda napepeta na ungo wa mama, mtaani wakajua nauza karanga.

Kusaga ndo kulinifilisi, niliua blenda mbili. Mwishowe nikapata ile mashine ya mawe ambayo Wahindi wanasagia dosa, unaweka kokoa na sukari inazunguka masaa 36 bila kuzimwa, sasa siku moja umeme ukakatika saa nane usiku, mzigo wote ukagandia humo ndani, uliporudi nikakaa na draya ya nywele ya wife naupulizia mpaka kunakucha.

Ila joto ndo mtihani wenyewe. Siagi ya kokoa inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na Dar mwezi wa pili unaijua mwenyewe. Bar zangu 60 za kwanza zilitoka na madoa meupe kama majivu, duka moja likazirudisha zote eti zina ukungu, hela sikuiona. Haukuwa ukungu jamani, ni mafuta yamepanda juu kwa sababu nilipoza ovyo. Kumbe unayeyusha mpaka 45, unashusha hadi 28 kwa kutupia vipande vya chokleti iliyoganda vizuri huku unakoroga, halafu unapandisha taratibu mpaka 31 au 32 ndo unamimina, ukipitiliza 34 anza upya tu. Nikanunua themometa, nikahamishia kazi saa kumi alfajiri. Siku bar ya kwanza ilipovunjika ikalia "ta!", dalili kwamba imeganda sawasawa, nilimwamsha wife asikie, akaniangalia tu akageukia ukutani.

Nilianza kuuzia wenzangu kazini, elfu nne kwa bar ya gramu 50, mara mgahawa mmoja Masaki ukataka 40 kila wiki, hapo sasa ikabidi nianze safari za SIDO, wale wa viwanda vidogo, na TBS, wale wa viwango vya ubora, maana madukani bila nembo ya TBS hawakuelewi.

Siku hizi natoa kama 300 kwa mwezi. Za Morogoro nasafirisha kwa basi la usiku tu, kwenye deli la aiskrimu lenye barafu, na konda kila wiki lazima aniulize kama ni samaki.